Kubadilisha jina ndani ya keneli ni kazi kamili

Maneno niliyozungumza na wanafunzi na mafundi wa mitandao hapa Dodoma, nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Mbukwenyi wadogo zangu! Shikamooni wakubwa, na walimu ahsanteni sana kwa kutuachia huu mchana. Nimeombwa niongelee keneli ya Linux, ile programu ya kati inayoendesha mashine yenyewe, na nikaambiwa nichague upande ninaoupenda mwenyewe, basi mimi nimechagua upande ambao wengi wanaupita haraka haraka, yaani zile pachi, mabadiliko ya kodi yanayotumwa yaingizwe, ambazo hazirekebishi hitilafu, haziongezi kitu kipya, haziharakishi chochote, kazi yake ni kubadilisha jina tu, fildi, yaani kisehemu chenye jina ndani ya kundi la data, iliyokuwa inaitwa hivi jana leo inaitwa vile. Na nitakaa kwenye sehemu ya mtandao, kule ndani ambako pakiti zinapita, kwasababu kule ndiko kazi hii imefanyika kwa uzito mkubwa na imeacha alama mnazoweza kuzisoma wenyewe leo hii.

Juzi kati kijana mmoja wa UDOM, Chuo Kikuu chetu cha Dodoma, aliniuliza, kaka hivi hawa jamaa wa Linux kwanini hawatulii, draiva yangu ya Wi-Fi ilikuwa inafanya kazi vizuri kabisa, nimeapdeti mashine basi, haikompaili tena, naambiwa kitu fulani hakipo, kumbe wamekibadilisha jina. Draiva ni ile programu ndogo inayoendesha kifaa, na kukompaili ni kuigeuza kodi iwe lugha ya mashine. Swali zuri sana hilo na maumivu yake nayajua, ukiwa hosteli huna waya na bando la simu linaisha siyo jambo la kuchekea. Nitamjibu, ila niacheni kwanza niingie ndani.

Kila muunganisho wa TCP, ile itifaki ya kupeleka data kwa uhakika, kwenye mashine ya Linux una strakti yake kwenye memori, yaani kundi la fildi zilizokaa pamoja, inaitwa struct sock, ndiyo soketi yenyewe, na kama ni ya IPv4 hiyo struct sock inakaa mwanzoni mwa strakti kubwa zaidi inayoitwa struct inet_sock. Sasa pakiti ikiingia kwenye kadi ya mtandao keneli inatakiwa ijibu swali moja kwa haraka sana, hii pakiti ni ya nani? Inachukua anwani mbili, ya aliyetuma na ya aliyetumiwa, inachukua poti mbili, zile namba zinazoonyesha ni programu ipi, inakokotoa hashi, namba moja inayotokana na hizo nne, inaenda kwenye sehemu husika ya jedwali, alafu inapitia soketi moja moja ikilinganisha mpaka ipate mwenyewe. Kwa seva yenye watu wengi hii kazi inafanyika mara nyingi mno kila sekunde, mchana na usiku.

Na prosesa haisomi memori baiti moja moja, inabeba mstari mzima wa kashe, ile memori ndogo ya haraka iliyo karibu na prosesa, na kwenye mashine zetu za kawaida za x86 mstari mmoja ni baiti 64. Kwahiyo kama anwani iko kwenye mstari wa kwanza wa strakti na poti iko mbali huko chini, kila soketi unayoilinganisha inakugharimu mistari miwili badala ya mmoja. Na kuna balaa la pili. Ndani ya struct sock kuna kaunta inaitwa sk_refcnt, inahesabu wangapi wanaishikilia hiyo soketi kwa wakati huo, na hiyo kaunta inaandikwa mara kwa mara. Kaunta ikiwa imekaa mstari mmoja na zile fildi za kusomwa tu, basi kila koa moja ya prosesa ikiiandika, nakala za mstari ule kwenye koa nyingine zote zinakuwa batili, inabidi waulete upya, hata kama wao walitaka kusoma anwani ambayo haijabadilika tangu muunganisho ufunguliwe. Hiyo ni kasi inapotea bure kabisa.

Sasa Oktoba 2009 Mfaransa mmoja anaitwa Eric Dumazet, mtu ambaye ameishi ndani ya kodi za mtandao za Linux kwa miaka mingi, akatuma pachi. Ukiifungua unaona imegusa faili nyingi, na katika kila faili kitu ni kile kile: daddr imekuwa inet_daddr, saddr imekuwa inet_saddr, dport imekuwa inet_dport, sport imekuwa inet_sport, rcv_saddr imekuwa inet_rcv_saddr, num imekuwa inet_num, id imekuwa inet_id. Basi. Mtu anayeisoma bila kujua atasema huyu bwana ameamua tu kuongeza inet_ kila mahali ili apendeze. Lakini kwenye maelezo ya pachi yenyewe aliandika wazi kwamba hayo ni maandalizi, lengo ni kuzihamisha zile fildi za kutafutia soketi ziende kwenye mstari wa kwanza, ndani ya struct sock_common, na kaunta ya sk_refcnt itolewe pale ikakae kwingine.

Mtauliza, sasa kuhamisha kunahusiana nini na jina? Hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndipo utamu wa C, lugha iliyoandikiwa keneli, ulipo. Ukiihamisha fildi kutoka inet_sock kwenda ndani kabisa ya sock_common, njia ya kuifikia inakuwa ndefu, inakuwa sk.__sk_common.skc_num. Kodi yote ya keneli iliyozoea kusema inet->num ingebidi iandikwe upya. Njia rahisi ni makro, unaweka mstari mmoja kwenye heda, ile faili ambayo faili nyingine za kodi zinaiingiza, kila anayetumia jina fupi anapelekwa kwenye njia ndefu bila yeye kujua. Ila makro ya C haijui mipaka, haijui hii num ni fildi ya soketi na ile num ni namba ya kawaida mtu kaitangaza ndani ya fanksheni yake. Inabadilisha kila num inayoiona kwenye kila faili inayoingiza hiyo heda. Mtu kaandika int num ndani ya draiva yake huko, ghafla inageuka kuwa int sk.__sk_common.skc_num, kompaila inalia, na mwenye draiva haelewi kafanya nini. Na id je? Ni fanksheni ngapi duniani zina kitu kinaitwa id? Kwahiyo majina mafupi mafupi yalikuwa yamezifunga zile fildi pale zilipo. Ukitaka kuzihamisha lazima kwanza uzipe jina ambalo hakuna mwingine analo, na inet_num hakuna mwingine analo. Leo mkifungua faili ya include/net/inet_sock.h mtaukuta huu mstari:

#define inet_num sk.__sk_common.skc_num

Hamisho lenyewe lilikuja taratibu. Mwaka 2010 anwani mbili, inet_daddr na inet_rcv_saddr, zikahamia mwanzoni. Mwaka 2012 poti nazo zikafuata, inet_dport na inet_num. Na zilipokaa pamoja kukatokea faida nyingine, anwani mbili za IPv4 kila moja ni baiti 4, zikiwa jirani unaweza kuzilinganisha kwa mkupuo mmoja wa baiti 8, ukiangalia leo utakuta kwenye sock_common kuna skc_addrpair na skc_portpair kwa kazi hiyo. Yote hayo mlango wake ulifunguliwa na pachi ambayo haikubadilisha tabia ya mashine hata chembe.

Na hili ndilo ninalotaka mlishike, kubadilisha jina na kubadilisha tabia ni pachi mbili, siyo moja. Nyie mnakumbuka mwaka 2022 ile operesheni ya anwani za makazi, hapa Dodoma vibao vya mitaa vikasimama mpaka Nkuhungu na Nzuguni, nyumba zikapata namba. Nyumba hazikusogea. Kama wangekuwa wanabandika namba mpya na usiku huo huo wanahamisha nyumba kutoka mtaa huu kwenda ule, mtu akipotea asubuhi hakuna ambaye angejua kapotezwa na kibao au kapotezwa na nyumba. Pachi ya jina peke yake mkaguzi anaisoma akijua kitu kimoja, hapa hakuna kinachotakiwa kubadilika, na kama kuna mstari mmoja umebadilika kwa namna nyingine basi huo mstari ndio wa kukamatwa. Pachi ya kuhamisha ikija baadae inakuwa fupi, mistari michache kwenye heda, mkaguzi anaitazama kwa macho yote mawili. Ukizichanganya, ile mistari michache ya hatari inazama ndani ya mamia ya mistari ya majina na hakuna binadamu atakayeiona.

Hii mbinu haikuanza 2009. Miaka miwili kabla, kwenye toleo la 2.6.22 lililotoka Julai 2007, Mbrazili anaitwa Arnaldo Carvalho de Melo alifanya kitu kikubwa zaidi kwenye sk_buff, ile strakti inayobeba kila pakiti. Kabla ya hapo ukitaka heda ya TCP, na hapa heda ni yale maelezo ya mwanzoni mwa pakiti siyo faili, unaandika skb->h.th, ukitaka heda ya IP unaandika skb->nh.iph, h na nh zilikuwa ni yunioni za pointa, yaani anwani za memori zinazogawana nafasi moja. Yeye akaanza kubadilisha sehemu moja moja, badala ya kugusa pointa mkono kwa mkono unaita fanksheni ndogo, tcp_hdr(skb), ip_hdr(skb), skb_transport_header(skb). Kwa macho ni majina tu. Lakini kila mtu alipokuwa ameshahamia kwenye fanksheni, hakuna tena aliyekuwa anajua ndani kuna nini, kwahiyo kwenye mashine za biti 64 pointa za baiti 8 zikatolewa, zikawekwa namba za baiti 4 zinazosema heda iko umbali gani kutoka mwanzo wa bafa. Strakti ikapungua uzito, na hii ni strakti ambayo pakiti kila moja ina ya kwake. Huyo huyo Arnaldo ndiye aliyeandika pahole, programu inayokuonyesha strakti yako ina mashimo wapi na kila fildi imeangukia mstari gani wa kashe. Mtu aliyekuwa anatoa vitu kwenye sk_buff alijitengenezea kwanza kifaa cha kuona ndani yake, na mimi namheshimu sana kwa hilo.

Kuna na sababu nyingine ya kubadilisha jina, nayo ni pale jina linapoanza kusema uongo. Mwaka 2005 kulikuwa na strakti inaitwa tcp_tw_bucket, ya soketi zilizofungwa ambazo bado zinasubiri muda wao wa mwisho uishe, TIME_WAIT. Na nyingine inaitwa open_request. Ikaja itifaki mpya ya DCCP, ikaingia toleo la 2.6.14, nayo ilihitaji mambo yale yale. Sasa DCCP itumie kitu kinaitwa tcp? Ingekubali kukompaili, kompaila haijali, lakini kila atakayesoma angedhani hapa TCP peke yake ndiyo inahusika, na siku moja angeweka humo kitu cha TCP tupu na kuharibu mwingine. Basi tcp_tw_bucket ikawa inet_timewait_sock, open_request ikawa request_sock. Na DCCP yenyewe mwaka 2025 imetolewa kwenye keneli, watumiaji hawakuwepo, lakini majina yale yamebaki na bado ni ya kweli kwasababu yaliandikwa kufuata kazi inayofanyika na siyo kufuata nani kaja wa kwanza.

Haya, sasa twende kwenye Wi-Fi ya kijana wetu.

Kosa alilolipata wengi humu mmewahi kuliona, kompaila inasema struct net_device haina kitu kinaitwa trans_start. Historia yake ni hii. Zamani kadi ya mtandao ilikuwa na foleni moja ya kutuma pakiti, na draiva ilikuwa inaandika kwenye dev->trans_start muda wa pakiti ya mwisho kutoka, ili yule mlinzi wa ndani ya keneli akiona muda umepita sana hakuna kinachotoka ajue kadi imekwama. Kadi zikaja na foleni nyingi, muda ukawa unawekwa kwenye kila foleni, ile fildi ya kifaa kizima ikabaki haina maana, tena ikawa inadanganya. Mwaka 2016, toleo la 4.7, ikatolewa, badala yake ikawekwa fanksheni ya netif_trans_update. Draiva zote zilizomo ndani ya keneli zilirekebishwa na hao hao walioitoa, ndani ya kazi ile ile, na hakuna mtumiaji wa kawaida aliyejua. Waliokwama ni wale wenye draiva za nje, zile unazozipakua kwenye mtandao zikiwa kwenye zipu, mtengenezaji wa kifaa kaziandika miaka hiyo akaziacha.

Na hapa kuna mtego, naomba muusikie. Kompaila za siku hizi zina huruma, ikikosa jina inakutafutia linalofanana, na kwa trans_start inaweza kukuuliza au ulimaanisha mem_start? Usikubali! Zote mbili ni namba za aina moja, unsigned long, ukiweka mem_start itakompaili kimya kimya, moduli itapanda, na kila pakiti ikitoka utakuwa unaandika muda kwenye fildi ambayo kazi yake ni kuonyesha memori ya kifaa inaanzia wapi. Unaondoka na draiva inayofanana na nzima. Unachotakiwa kufanya ni kuufuta ule mstari na kuita netif_trans_update(dev), na mara nyingi hata hiyo haihitajiki kwasababu keneli yenyewe inaandika muda pale inapokabidhi pakiti kwa draiva. Kwahiyo mdogo wangu, kabla hujabadilisha jina soma kwanza kwanini liliondoka, maana kosa ni lile lile "jina halipo" lakini dawa zinatofautiana. Mwaka 2022 kwenye toleo la 5.17 dev_addr ilifanywa isiandikwe moja kwa moja, unatakiwa upite kwenye eth_hw_addr_set, na wengi walitafuta namna ya kumdanganya kompaila kwa kubadilisha aina ya pointa. Hapo ndipo wanajiumiza, kwasababu keneli sasa inaziweka zile anwani kwenye mti wa kutafutia, ukiandika kwa mlango wa nyuma mti na anwani havitalingana.

Je hao watu wa Linux wanamwonea kijana wetu? Nimefikiria sana hili swali na jibu langu ni hapana, ila siyo hapana ya kiburi. Wao wameahidi kitu kimoja na wamekishika kwa nguvu, programu za watumiaji hazitavunjika. Kuna folda nzima inaitwa include/uapi, ilitenganishwa mwaka 2012, yaliyomo humo ni mkataba na dunia ya nje. Fildi ya sin_port kwenye sockaddr_in haitabadilishwa jina na mtu yeyote, programu uliyoandika ya soketi miaka ishirini iliyopita inakompaili leo. Ila ndani, hakuna ahadi, na hawajawahi kuificha hiyo, imeandikwa kabisa kwenye nyaraka za keneli. Wangeahidi uthabiti ndani na nje kwa pamoja, zile anwani na poti zingekuwa bado zimelala mistari tofauti ya kashe mpaka leo kwasababu ya draiva iliyotelekezwa. Njia ya kudumu ni draiva iingie ndani ya keneli, ikaguliwe, ikiingia basi anayebadilisha jina ndiye anayelipa gharama ya kulibadilisha, siyo wewe hosteli.

Wanaoandika draiva wakiwa nje nao wana njia ya kupunguza maumivu, tumieni fanksheni ndogo zilizowekwa badala ya kugusa fildi. Mfano mzuri ni skb_frag_t, kipande cha data kinachoning'inia kwenye pakiti. Mwaka 2011 waliweka fanksheni kama skb_frag_size na skb_frag_page. Mwaka 2019 ndani ya skb_frag_t kukabadilishwa kabisa, ikawa ni bio_vec, strakti ile ile inayotumika upande wa diski. Mwaka 2024 ikabadilishwa tena kwa ajili ya memori isiyo ya kawaida, kama ile iliyoko kwenye kadi za kuongeza kasi. Aliyekuwa anaita fanksheni alilala usingizi mara zote mbili, aliyekuwa anaandika frag->size kwa mkono aliamshwa. FreeBSD, mfumo mwingine wa kuendesha mashine, nao wamekuja kwenye njia hiyo hiyo, kuelekea toleo la 14 draiva nyingi zilihamishwa ziache kugusa struct ifnet moja kwa moja na zitumie if_t na fanksheni zake.

Kuna jina moja ambalo nataka nilisemee kwa moyo. Kwenye mtandao wa Linux ukifunga kadi mbili zifanye kazi kama moja, ile inayoitwa bonding, kadi za chini zinaitwa slave, na ya juu inaitwa master. Mwaka 2020 mwongozo wa kuandika kodi za keneli ukaongezewa kifungu kinachosema majina mapya ya namna hiyo yasitumike, na unatoa mapendekezo ya maneno mengine. Kuna watu walisema haya ni mambo ya siasa za Marekani hayatuhusu. Jamani, sisi tuko Ugogo. Njia ya misafara kwenda Bagamoyo ilipita hapa hapa kati, ikapita Mpwapwa, watu walipita wakiwa wamefungwa. Mimi nikiandika kodi sioni sababu ya kuiita kadi mtumwa wakati lipo neno linaloeleza kazi yake vizuri zaidi, na naunga mkono kifungu kile kwa asilimia zote. Lakini angalieni na hapa mpaka ule ule umeheshimiwa, ukisoma /proc/net/bonding/bond0 leo bado maneno ya zamani yapo, kwasababu programu za watu zinasoma faili ile, na mwongozo wenyewe umeruhusu hivyo kwa yaliyokwisha kuahidiwa nje. Kwenye kodi mpya lakini hakuna kinachotuzuia.

Mpaka wenyewe nao siku hizi umekuwa na ukungu kidogo, kwasababu ya BPF, njia ya kupandisha programu ndogo zikimbie ndani ya keneli. Mafundi wa seva mnaotumia vile vifaa vya kufuatilia miunganisho, ndani yake kuna programu zinazochungulia strakti za keneli moja kwa moja, zinaandika kabisa sk->__sk_common.skc_daddr. Hayo ni majina ya ndani lakini wanaoyategemea wako nje. Mwaka 2021 kwenye toleo la 5.14, upande wa kupanga kazi, fildi ya state kwenye task_struct ikawa __state, na vifaa vya kufuatilia vilivyokuwa vinaisoma vikakatika. Watu wa libbpf, maktaba ya kuandikia programu za BPF, walikuwa na dawa tayari, unaweza kutangaza strakti ya zamani kwa kuongeza alama tatu za mstari wa chini na jina lako mwishoni, task_struct___old, alafu programu inapopandishwa inauliza keneli iliyopo ina fildi ipi na inachagua. Na tukiwa hapo hapo, kwa wanaochungulia soketi, skc_dport imehifadhiwa kwa mpangilio wa baiti wa mtandao ila skc_num iko kwa mpangilio wa mashine. Ya kwanza lazima uigeuze, ya pili usiiguse. Majina hayakuambii hilo, aina zake kwenye heda ndizo zinakuambia.

Sasa kazi yenyewe inafanywaje? Siyo kwa sed, ile amri ya kubadilisha maneno kwenye faili bila kuelewa maana yake. Ukiiambia sed ibadilishe num utaharibu keneli nzima kwa sekunde chache. Kuna kifaa kinaitwa Coccinelle, Julia Lawall na wenzake ndio wenyewe, hiki kinaelewa C na kinajua hii pointa ni ya aina gani. Unakiandikia hivi:

@@
struct inet_sock *p;
@@
- p->num
+ p->inet_num

Maana yake, popote ambapo p ni pointa ya inet_sock, na hapo tu, ondoa ile weka hii. Int num ya mtu haiguswi. Ukimaliza kompaili na moduli zote, siyo zile tu za mashine yako, maana kuna draiva za vifaa ambavyo hapa Dodoma huenda usivione maisha yako yote nazo zinatumia jina lile lile. Alafu linganisha faili za obj, zile zinazotoka kwenye kompaila, za kabla na za baada, ukiacha taarifa za debagi, maelekezo ya mashine yanatakiwa yawe yale yale. Yakitofautiana, kuna mahali umefanya zaidi ya kubadilisha jina.

Na kuna jambo la kuwaambia nyie mnaotafuta pachi ya kwanza rahisi, najua wapo humu, kuna mtu ameshaanza kuangalia jina gani baya alibadilishe. Wasimamizi wa mtandao wa Linux wameandika kwenye mwongozo wao kwamba pachi za usafi mtupu ambazo haziko ndani ya kazi nyingine hawazipendi. Wana haki. Kila jina likibadilika, marekebisho ya usalama yatakayoandikwa kesho hayatakaa vizuri kwenye matoleo ya zamani ambayo bado yanatunzwa, mtu itabidi akae ayarekebishe kwa mkono, na hayo matoleo ya zamani ndiyo yanaendesha seva nyingi za ofisi zetu hapa mjini. Pia ukitafuta nani aliandika mstari huu na kwanini, unamkuta mbadilisha jina badala ya mwenye wazo. Kwahiyo Eric Dumazet alilipa gharama hiyo akijua anakwenda wapi. Ukiwa na pa kwenda, badilisha, ieleze hiyo safari kwenye maelezo ya pachi yako, na tuma pachi ya jina ikiwa mbele na ya kazi ikiwa nyuma yake kwenye mfululizo mmoja.

Dada mmoja amenyoosha mkono ameuliza je hii inahusu na mifumo yetu ya kawaida, hifadhidata za shule, mifumo ya zahanati. Inahusu sana dada yangu. Kama kwenye jedwali lako safu inaitwa tarehe na humo ndani wengine wanaweka tarehe ya kuzaliwa wengine ya kusajiliwa, hilo jina linasema uongo na litaumiza mtu. Ila angalia kwanza nani wa nje analitegemea, kuna ripoti, kuna aplikesheni ya simu, kuna mfumo wa ofisi nyingine unaovuta data. Kwa hao acha jina la zamani liendelee kujibu, tengeneza la ndani pembeni, hamisha kodi yako kidogo kidogo, na siku ukija kubadilisha maana yenyewe iwe ni siku nyingine.

Basi, mwenye laptopu aifungue. Kodi ya Linux ikiwa na historia yake yote ni gigabaiti kadhaa, msivute kwa bando, kuna flashi mbili zinazunguka hapa mbele nakilini humo. Historia iliyoko kwenye git, kifaa cha kutunza historia ya kodi, inaanzia Aprili 2005, toleo la 2.6.12-rc2, kwahiyo haya yote niliyoyataja yamo. Ingieni kwenye folda muandike git log -S inet_num -- include/net/inet_sock.h, mkiipata ile ya Oktoba 2009 someni maelezo yake yote kabla ya kushuka kwenye mistari, alafu anayemaliza wa kwanza aniite tutafute pamoja na hizi za 2010 na 2012 tuone kila fildi ilitua wapi. Walio na pahole tayari waanze na pahole -C sock. Ahsanteni, tuanze.